Bolti Nilizozifungua Madhabahuni

"Hivi wewe mama, kumshukuru Mungu ni lazima ufungue na bolti?"

Jirani yangu ndiye aliyeniuliza hivyo tukitoka kanisani, mimi nimebeba pampu begani, yeye kanibebea spana ndani ya mkoba wake wa Biblia. Tulicheka mpaka ikabidi tusimame njiani. Nilimjibu kwamba Mungu anaona kilichomo ndani bila kufungua, lakini binadamu mpaka afunguliwe.

Sasa sicheki. Lile swali limenirudia kama mwiba uliobaki mguuni.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilikotoka. Kisima kilimmeza mume wangu. Alikuwa fundi wa pampu za mkono, akashuka kutoa vali iliyozibwa na mchanga, ukuta ukamfunika. Mwanangu akarithi spana za baba yake, akarithi na kushuka. Kila alipoingia shimoni nilipiga magoti juu nimeshika ncha ya kamba, ingawa waliokuwa wakiivuta ni wengine.

Kisha nyumbani kwetu ikazaliwa vali isiyoziba. Ndani yake mna ulimi mdogo wenye mpasuo. Ukisukuma mkono wa pampu, ulimi unajikunja na kuutema mchanga. Tuliiita Tema. Tukaifunga kwenye kisima cha uani kwetu, na tangu hapo hakuna mtu aliyeshuka mle.

Wiki iliyopita niliwaachia pale Bwana Mtaji alipofika kwetu na viatu vyake visivyojua vumbi. Jina hilo la Bwana Mtaji wamempa watu wa mtaani. Alisema atajenga kiwanda, pampu zote mbovu za pande hizi zing'olewe, zifungwe Tema. Ila akaweka sharti.

"Sijengi kiwanda cha kitu ambacho kesho kila mwenye karakana atakifyatua," alisema. "Nipatieni hataza. Na isiwe hataza ya kutundika ukutani."

Hataza, kwa asiyeijua, ni haki unayopewa na serikali ya kwamba uvumbuzi huu ni wako, na kwa miaka kadhaa hakuna wa kuutengeneza bila ruhusa yako.

Mwanangu aliposikia neno kiwanda, siku ile ile alimwachia fundi mwingine kazi ya visima. Aliniambia, "Mama, nimeshuka mara ya mwisho." Usingizi wa siku ile sikuwa nimeupata tangu niolewe.

Ndipo tukaenda kwa wakili.

Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la vioo vya madirisha. Ukikaa humo unasikia chini kioo kikikatwa, meno yanakufa ganzi. Wakili ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya mtu asiyependa kurudia. Bwana Mtaji alikaa karibu na dirisha. Mwanangu alikaa katikati, shati lake mkewe amelipiga pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Mimi pembeni yake. Mkewe, mkwe wangu, alikaa kwenye stuli mlangoni, kwa sababu viti vilikwisha na hakuna mwanamume aliyesimama.

Tema yenyewe ilikuwa mezani, imefungwa kwenye kitambaa.

"Umeandika ulimi wa mpira," wakili alimwambia mwanangu. "Kwa nini mpira?"

"Ndio uliomo."

"Mshindani wako ataweka ngozi. Utamshtaki kwa lipi?"

"Basi tuandike mpira na ngozi."

"Ataweka plastiki."

"Ataweka ulimi wa ng'ombe," Bwana Mtaji alisema kule dirishani. Tukacheka, hata wakili.

"Ndiyo maana tunaandika ulimi wa kitu chochote kinachojikunja na kurudi," wakili alisema. "Hataza ni ua. Ukiacha tundu, kuku wa jirani ndiye atakayekuonyesha lilipo. Na ukijitwalia mpaka njia ya watu, wataubomoa wote. Tunachukua chetu chote, hatugusi cha mtu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, wakili."

"Na mvumbuzi ni wewe peke yako."

"Ni mimi. Pamoja na baraka za marehemu baba."

"Baraka hatuna pa kuziandika," wakili alisema, akaendelea.

Nilimwona mkwe wangu akitazama vidole vyake. Nilimwona, nikapita. Moyo wangu ulikuwa mwepesi siku ile, na moyo mwepesi hauoni mbali.

Wakili akaweka kalamu chini.

"Sasa swali ambalo nawauliza wote, na wote husema hapana kabla sijamaliza. Yupo mtu wa nje aliyewahi kuonyeshwa ndani ya vali hii? Sokoni, kwenye maonyesho, kwenye simu, popote?"

"Hapana," alisema mwanangu.

"Majirani wanachota maji kwenu?"

"Wanachota. Wanaona mkono na bomba. Ndani hawaoni."

"Hilo lina utetezi. Nauliza ndani. Kwa sababu hataza hupewa kitu kipya. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni mwenyewe."

Niliziona bolti zangu, nilivyozipanga moja moja juu ya kitambaa cheupe cha madhabahu. Niliuona ule ulimi nilivyouinua juu, watu wakisema amina. Na nilimwona kijana wa kwaya na simu yake, maana kanisa letu hurusha shuhuda zote kwenye mtandao.

Nikafungua mdomo. Kiatu cha mwanangu kikaukanyaga mguu wangu chini ya meza.

Basi naye alikuwa anakumbuka.

Nikasema nimebanwa, nataka msalani. Mwanangu akasema atanionyesha njia, kana kwamba yeye alishawahi kufika.

Ukumbini akanishika mkono.

"Mama, nyamaza."

"Ameuliza."

"Ameuliza, nimemjibu. Nani atahangaika kutafuta kanisa la mabati kwenye mtandao? Watazamaji wenyewe ni nyie kwa nyie."

"Yule bwana anataka kujenga kiwanda juu ya neno letu. Na neno lenyewe ni uongo."

"Mama, sikiliza." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Ukisema, yule bwana anaondoka. Akiondoka, Jumatatu mimi niko kisimani. Pampu zote huku bado ni zile zilizomuua baba. Nitashuka, maana sina kazi nyingine ninayoijua. Utakuja kushika kamba?"

Mtoto niliyemnyonyesha alikuwa ameniwekea mizani mbele, na upande mmoja wa mizani amejiweka mwenyewe.

Niliingia msalani nikafunga. Bomba lilikuwa linadondosha. Niliinamisha kichwa palepale, Mungu hana ofisi. Nikamwambia, Wewe ndiye uliyeupokea ushuhuda ule. Nitaukanaje leo ili nipate kile nilichokushukuru kwacho? Nikamwambia pia, huyu ni mmoja tu niliyebaki naye. Nilisubiri. Bomba likaendelea kudondosha.

Hakuna sauti niliyoisikia, nisiwadanganye. Nilinawa uso, nikarudi.

"Wakili," nilisema kabla sijakaa, kwa sababu ningekaa nisingesema. "Mimi niliifungua. Kanisani, mbele ya watu wote. Nilikuwa namshukuru Mungu."

Mwanangu alifumba macho.

"Uliifungua kiasi gani?" wakili aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Yote."

"Na ulimi?"

"Niliuinua ili hata wa nyuma waone."

"Walipiga picha?"

"Walirekodi. Iko kwenye mtandao."

Bwana Mtaji alicheka pumzi moja, isiyo na furaha. "Mama, wenzio wakimshukuru Mungu hutoa sadaka. Wewe umetoa kiwanda changu."

"Nisamehe, bwana. Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo hasara yenyewe."

Wakili alimwinulia mkono anyamaze. "Ilikuwa lini?"

"Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua."

"Basi tupangane," alisema. "Sheria ya hapa ina huruma. Mvumbuzi akijitangazia mwenyewe, anapewa mwaka mmoja wa kuleta maombi. Bado tumo. Lakini nchi nyingi za ng'ambo hazina huruma hiyo. Huko, kilichoonyeshwa kimeshakuwa cha watu wote."

"Ng'ambo ndiko waliko wanunuzi wangu," alisema Bwana Mtaji, akaanza kukusanya funguo zake.

"Kaa kwanza. Pengine picha ni mbaya. Pengine ulimi hauonekani mpasuo wake. Siwezi kusema mpaka nione. Kanisa linaitwaje?"

Nilimtajia. Mwanangu akasema anadhani ile video ilishafutwa. Wakili alibonyeza bonyeza kompyuta yake, kisha akaigeuza sote tuione. Kanisa letu ni dogo, lakini halifuti kitu.

"Lazima tuitazame?" mkwe wangu aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza tangu tulipopanda ngazi zile.

Nilidhani ananionea haya mimi.

Nikajiona. Kilemba cheupe, spana mkononi, nimesimama kama mchinjaji. Sauti yangu ilitoka nyembamba: "Mume wangu alikufa kwa ajili ya kipande kama hiki. Leo nawaonyesha kipande kitakachomzuia mwingine asife." Bolti ya kwanza, ya pili. Nikauinua ulimi, na yule kijana wa kwaya, Mungu amsamehe, akausogelea na simu mpaka ukajaa kioo kizima. Mpasuo ulionekana hata kwangu mimi nisiye na miwani.

"Ndio huo," wakili alisema. "Ng'ambo imekwenda."

Chini, kioo kilikatwa.

Wakili alipeleka mkono kuizima. Mkwe wangu naye akanyanyuka kidogo kwenye stuli. "Zima tu, wakili. Si mmeshaona?"

Labda ni ile haraka yake iliyomfanya wakili asizime. Aliurudisha mkono wake mezani.

Na mimi wa kwenye kioo nikaendelea kusema.

"Mwanangu alikuwa ameshatupa vyuma vyote uani, amelala kifudifudi, ameshindwa. Huyu mkewe, mwoneni huyu, ndiye aliyeikata ndala yake mwenyewe kwa wembe. Akaipasua katikati, akaitumbukiza mle ndani, akaniita, mama njoo uone, inatema. Mungu asifiwe kwa kunipa mkwe."

Kanisa zima likapiga makofi. Pembeni ya picha, mkwe wangu alionekana amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanacheka.

Naapa sikukumbuka kwamba nilisema hayo. Nilikuwa nimekuja ofisini na dhambi moja mkononi, naishika kwa nguvu zote, nisijue kwamba nyingine imenitangulia kukaa. Nyumbani tulisema Tema ni yetu. Hatukuwahi kuulizana imetoka kichwani mwa nani, kama vile ambavyo hamwulizani nani kapika mkishashiba.

Sasa wakili aliizima.

"Ule ulimi wenye mpasuo ndio dai letu la kwanza," alisema, na alimtazama mwanangu peke yake. "Ukiuondoa huo, hapa mezani kuna bomba tu. Nani aliupasua?"

"Wakili, mume na mke ni mwili mmoja."

"Kwenye hataza ni vichwa viwili. Nani aliupasua?"

Mwanangu alitazama shati lake.

"Sikiliza nikueleze kitakachotokea," wakili alisema. "Nikipeleka jina lako peke yako, huenda tukapewa. Mtafurahi, mtajenga. Siku mtakapomshtaki mwizi wa kwanza, wakili wake ataicheza video hii mahakamani, na sauti ya mama yako itaubomoa ua wote. Mimi siandiki hataza ya kubomolewa."

"Kwa hiyo tumekwisha," alisema Bwana Mtaji.

"Hapana. Ng'ambo imekwisha. Hapa bado. Tunaandika majina mawili, mume na mke. Wote wawili wanatia saini kwamba wao ndio wavumbuzi. Ua unasimama."

Bwana Mtaji alichezea funguo zake. Nilimtazama usoni kama ninavyomtazama daktari akisoma kipimo. Kisha akaziweka mezani.

"Niliona pampu za huku," alisema polepole. "Ni nyingi. Nitaanza na kiwanda kidogo. Andika majina mawili, tuondoke hapa kabla mama hajakumbuka ushuhuda mwingine."

Nilipumua mpaka kiti kikalia. Nilimwona mwanangu akiwa juu ya ardhi, mzima, mzee, ana mvi. Nilianza kusema asante ndani ya kifua changu.

Nilisahau kumtazama yeye.

"Ile hataza ilikuwa iwe na jina la baba," mwanangu alisema. "Jina langu, linafuatiwa na la baba. Mahali hapo peke yake. Mwenyewe hakuachiwa hata bamba la jina pale kisimani."

"Litakuwepo," nilimwambia. "Hakuna aliyelitoa."

"Litakuwepo na la baba yake huyu. Ambaye hajawahi kushika spana."

"Wakili," aliendelea, akageuza kiti, "kama mtu alifanya kwa kutumwa, naye ni mvumbuzi?"

"Aliyetoa mikono tu, hapana. Mvumbuzi ni mwenye wazo."

"Basi mimi nilimtuma." Akamgeukia mkewe. "Njoo hapa. Mwambie nilikutuma ukate."

Mkwe wangu aliinuka. Alitembea kutoka mlangoni hadi mezani, na nikaona kwamba ndiyo mara ya kwanza kwake kuikaribia meza ile tangu tufike. Wakili alimpa kalamu lakini hakumpa karatasi.

"Nataka kwako, si kwake," wakili alisema. "Wazo lilikuwa la nani?"

Mkwe wangu alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa.

"Sema," mwanangu alisema. "Si nilikutuma? Ulikuwa unanisaidia tu."

"Mama alikuwepo," mkwe wangu alisema.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshasema ukweli mara moja siku ile na ulikuwa umenigharimu nchi zote za dunia isipokuwa hii. Huu wa pili ulikuwa mfupi zaidi.

"Alikuwa amelala," nilisema. "Hakumtuma mtu."

"Mama."

"Ulikuwa umelala, mwanangu. Nilikufunika mimi."

Mwanangu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota. Mdomo wake ulitafuta neno, na lile lililokuja halikuwa la mtoto wangu.

"Sawa. Wazo ni lake. Basi aandikwe yeye peke yake, na Jumatatu kisimani ashuke yeye. Mjane mmoja amemzaa mwingine: ajihesabu hana mume, mnajuana."

"Keti chini," Bwana Mtaji alimwambia. Hakuketi.

Wakili alijifanya hakusikia. Alimsukumia mkwe wangu karatasi. "Dada, hapa. Na yeye atatia hapa chini yako. Bila saini yako siwezi kupeleka kitu, nakwambia mapema. Na mwaka wa huruma hautusubiri."

Mkwe wangu aliisoma karatasi. Aliisoma mpaka chini, mahali penye jina la mumewe, akagusa lile jina kwa kidole, kama anayefuta vumbi. Nikasema moyoni, ataandika, ana moyo mpana kuliko sisi.

Akaiweka kalamu ya wakili juu ya karatasi, taratibu, isije ikaviringika. Akavuta kile kitambaa, akaifunga Tema, fundo moja na jingine, kama tulivyokuja nayo. Mwanangu alinyoosha mkono akitaka kumzuia, kisha mkono ukabaki hewani.

"Mwanangu," nilimwita mkwe wangu. "Mwanangu, ngoja."

Alipiga magoti kuniaga kama anavyoniaga kila anapoondoka nyumbani. Akaiweka vali kwapani, akakizunguka kile kiti kilichoanguka, akafungua mlango, akatoka, karatasi ikabaki mezani bila saini.